Mizani Haina Utani

Sisi akina Kulibali hatuli kunde. Hilo ndilo jambo la kwanza mtoto wetu anafundishwa, kabla hajafundishwa kusali au kujifunga suruali, na ndio uongo wa kwanza anaousema bila kupepesa macho. Watani wetu, yaani karibu nchi nzima, wametuita wala kunde tangu enzi za wafalme wa Segu, na kazi yetu sisi ni kukana. Wao wanatukana, sisi tunakana, wote tunacheka, na maisha yanaendelea. Sasa Dokta Kajatu Tarawele wa kituo cha utafiti alipokuja Farakobugu kutafuta shamba la kujaribia mbegu za kunde, alichagua shamba la nani? La Zan Kulibali, tena lile lililo kando kabisa ya barabara ya gulioni.

"Dokta, shamba langu ni la mtama," Zan alijitetea mbele ya kijiji kizima. "Waulize hawa. Katika ukoo wetu hakuna hata anayejua kunde inapandwa kichwa juu au kichwa chini."

"Tangu lini mtumwa wangu akajifunza kunijibu?" Dokta aliuliza. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na kwa jina lake la Tarawele alikuwa mtani wa Zan kabla hawajaonana. "Nimebeba aina saba za kunde, zimetoka kwa wataalamu wa nchi mbalimbali, na njia nzima najiuliza: nani atazilinda kwa mapenzi ya kweli? Nikapata jina moja tu."

"Dokta, umemkabidhi fisi bucha!" alipiga kelele Nfaly Tarawele, jirani wa Zan na rafiki yake tangu siku waliyotahiriwa pamoja. Alicheka mpaka akakaa chini vumbini. Watu wengine walicheka kwa sababu Nfaly alikuwa anacheka.

Ombi la mtani halikataliwi, na Dokta alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua kunde. Zan alikubali. Alikubali kwa kununa, kwa maringo, kwa kutema mate pembeni, kama inavyompasa Kulibali yeyote mwenye heshima zake. Moyoni alikuwa anajiuliza zitakuwa na ladha gani.

Masharti hayakuwa mazito. Shamba lingegawanywa vipande saba, kila kipande na kibao chake cha namba. Asichume mtu jani wala ganda mpaka kituo kije na mizani. Mbegu hizo hizo zilikuwa zinapandwa pia kwa Wahausa wa Nijeri na kwa Wamosi wa Bukina, nchi za ukame kama yetu, na mwisho wa msimu mavuno ya kila mahali yangelinganishwa. Zitakazoshinda zingezalishwa kwa wingi na kugawiwa wakulima. Zitakazoshindwa zingerudi kwenye majokofu ya kituo, na Farakobugu isingeziona tena.

*

Kunde zilipoanza kutoa maua, kituo kiliwaita wanakijiji waje kuchagua. Kila mtu mzima alipewa kokoto moja, na mbele ya kila kipande paliwekwa kopo tupu la maziwa. Unatembea, unatazama, unatia kokoto yako kwenye kopo la kunde uliyoipenda. Ni jambo jepesi kabisa, kama si kwamba shamba lilikuwa la Kulibali.

Kipande namba nne kilikuwa aibu tupu. Nusu ya mbegu hazikuota, na zilizoota zilitambaa na majani ya manjano, zimejaa vidukari. Nfaly alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo saizi ya Kulibali. Mtu aliyezoea kunde hawezi kupewa kitu kizuri, atakufa kwa furaha." Akadondosha kokoto yake kwenye kopo namba nne.

Ndipo wanaume wote wakafuata. Akina Tarawele, akina Jara, akina Keita, kokoto zao zikaangukia kopo lile lile, moja baada ya nyingine, na kila kokoto na tusi lake. Zan naye, ili dunia nzima ijue kwamba yeye hawezi kutofautisha kunde nzuri na mbaya, alijikwatua kwa joho, akapita mbele ya umati kwa madaha, akatia kokoto yake namba nne. Alishangiliwa. Huwa tunapenda sana kushangiliwa sisi, hata tukiwa tunajikata mguu.

Mkewe, Wassa Sangare, hakushangilia. Wassa ni wa Wafulani, watu wa maziwa, na alikuwa ametembea shamba zima akiinama, akikunja majani, akihesabu maua kwa ncha ya kidole. Alitia kokoto yake kopo namba saba, karibu peke yake. Kunde ile ilikuwa fupi, imesimama, haina mbwembwe, na maganda yake yalikuwa yameshaanza kujaa wakati jirani zake bado wanajipamba kwa maua.

"Umetupa kokoto yako jalalani," alimwambia mumewe njiani.

"Ni utani tu, mama Ngolo."

"Na njaa nayo itakuja kwa utani?"

"Wewe ni Mfulani. Huwezi kuelewa."

"Naelewa kwamba nimeolewa na mtu anayekula kunde kwa siri na kuzipigia kura kwa ujinga," Wassa alisema, akaharakisha hatua.

Dokta alipofika na kukuta kopo namba nne limefurika, alicheka sana, kisha akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nyie watu," alisema, "haya matokeo yanakwenda kusomwa na wenzangu wa nchi nyingine. Nitawaeleza nini? Kwamba kijiji kizima cha wakulima kimechagua upele? Haya. Kokoto zina utani, mizani haina utani. Siku ya kupima ndiyo tutajua."

*

Mwaka ule mvua ilifanya kama mgeni mwenye haraka. Ilikaa kidogo, ikala vizuri, ikaondoka bila kuaga. Kisha kiduha kikaingia kwenye mtama wa Zan, yale magugu yanayonyonya mizizi ya mtama chini kwa chini, na yakachanua maua yake ya zambarau shamba zima. Shamba lilipendeza kwelikweli. Mpita njia asiyelima angeweza kusema huyu bwana amepanda bustani.

Ghala lilikuwa limebaki vumbi la uwele na panya mmoja aliyekonda. Ngolo, mtoto wao mkubwa, alikuwa ameondoka kwenda machimbo ya dhahabu na hajaleta hata salamu. Wakati wa kuvuna ulikuwa bado, na mtu alipotazama shamba lake aliona kwamba hata ukifika utakuwa hauna maana. Ni kile kipindi ambacho watu wa Farakobugu hupunguza maneno, kwa sababu maneno nayo yanachosha.

Siku moja mchana Zan alikwenda kwa Nfaly kuazima jembe. Nyumbani alikuwa na majembe matatu. Alichagua saa ambayo bakuli huwekwa katikati, akasalimia kwa sauti ya juu tangu nje ya ua, ili wenyeji wapate nafasi ya kusema karibu chakula.

"Mla kunde!" Nfaly alimpokea. "Umekuja kunusa?"

"Nimekuja kuazima jembe."

"Umechelewa. Tumeshakula, tena tumeshiba mpaka tunaona aibu." Nfaly alijipiga tumbo. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka pembeni, na jungu la mkewe lilikuwa limepinduliwa juani, safi, halina hata doa la moshi mpya.

"Hata mimi nimeshakula," Zan alisema. "Wali na nyama. Nimebakiza."

"Ningekuja kusaidia, lakini nitapasuka."

Wakacheka. Zan akapewa jembe asilolihitaji, akarudi nalo begani. Njiani aliona aibu kwa niaba yao wote wawili, na akafikiri kwamba angalau utani umewasitiri.

Alipofika kwake alikuta mlango wa nyumba umefungwa mchana kweupe. Ndani palikuwa na harufu. Harufu ile alikuwa anaijua tangu utotoni.

Wassa alikuwa ameketi sakafuni na watoto, pamoja na mama yake Zan, bibi kizee Bajeneba, ambaye alikuwa na jino moja na maoni mengi. Katikati palikuwa na bakuli la kunde zilizopikwa kwa mafuta ya shea na chumvi.

"Umezitoa wapi hizi?" Zan aliuliza, ingawa alijua.

"Namba saba," Wassa alisema bila kuinua uso. "Imekomaa. Zile nyingine bado zinaringa. Kaa ule, au simama uwe Kulibali, lakini funga mlango."

"Dokta alisema asiguse mtu!"

"Dokta alikula asubuhi."

"Kaa chini, Zan," mama yake alisema. "Zinaiva upesi hizi, hazimalizi kuni. Zimelainika mpaka mimi natafuna. Baba yako angezipenda. Alikuwa anazipenda na kitunguu."

"Baba alikuwa hali kunde!"

"Baba yako?" Bibi kizee alicheka mpaka lile jino likaonekana lote. "Mlango huu unafikiri uliwekwa kwa ajili ya wezi?"

Zan akafunga mlango. Akala. Alikula kama mtu aliyekuwa anadaiwa na tumbo lake miaka hamsini, na alipomaliza alilamba vidole, kisha akachungulia nje kama kuna Tarawele anapita.

Tangu siku ile ikawa ndio maisha. Asubuhi na mapema Wassa alipita namba saba na kikapu chini ya kanga, akachuma maganda yaliyokomaa. Kunde ile ilikuwa na tabia ya ajabu: ukichuma, inatoa tena. Mtama ulikufa wima, uwele ukatoa masuke matupu, na vile vipande vingine sita havikuguswa, kwa sababu Zan alisema yeye ni mtu wa kuheshimu masharti. Maganda matupu Wassa aliyaanika juu ya paa la banda kwa ajili ya mbuzi. Watoto walirudi kucheza. Bibi Bajeneba alirudi kugombana na watu. Zan, kwa uaminifu wake wote, hakuwahi kufikiri hata siku moja kwamba mizani ingekuja kupima kile kilichobaki.

*

Siku ya kupima, gari la kituo lilileta mizani ya kuning'iniza, mifuko, na Dokta mwenyewe. Watu walijaa. Njaa ilikuwa bado ipo, lakini kumwona Kulibali akizungukwa na magunia ya kunde ni burudani ambayo hakuna aliyetaka kuikosa.

Walivuna kipande baada ya kipande, wakapura, wakapepeta, wakapima. Namba moja ilikuwa ya wastani. Namba mbili na tatu zilijitahidi. Namba nne ilitoa konzi chache za kunde zilizosinyaa, na watani wakaishangilia kama bibi harusi. Namba tano na sita zilikuwa zimeathirika na kukatika kwa mvua, lakini zilikuwepo. Kisha ikafika namba saba, na kilichotoka hakikujaza hata kibuyu kimoja.

Dokta alitazama mizani. Akaigonga kwa kidole, akatazama tena.

"Pole," alisema, na sasa alikuwa hatanii. "Kwa kweli hii ndiyo niliyokuwa naitegemea. Kule Nijeri imefanya vizuri, lakini hapa haina tofauti na ule upele wenu. Basi, haiipendi ardhi hii." Akamgeukia msaidizi wake. "Saba iondoe. Yote tunarudi nayo."

Zan aliona mwaka ujao: mvua ya haraka, kiduha na maua yake, mlango uliofungwa bila harufu yoyote nyuma yake. Alimtafuta Wassa katika umati. Wassa alikuwa anamtazama, na macho yake yalisema kwamba yeye ni Mfulani, haelewi mambo ya utani, kwa hiyo mwenye kusema na aseme.

Zan akapiga hatua mbele. "Dokta," alisema. "Namba saba haikushindwa. Tumeila."

Farakobugu ikalipuka.

"Amekubali!" Nfaly alipiga yowe. "Kulibali amekubali! Mmesikia kwa masikio yenu! Enyi mababu, amkeni, amekubali!"

Wanawake walipiga vigelegele. Wazee walishikana mabega. Kijana mmoja aliinua simu yake ili arekodi. Dokta mwenyewe alijiinamia kando ya mizani, mabega yakimtetemeka, kwa sababu hata kama ni Dokta, alikuwa Tarawele, na hajazaliwa Tarawele asiyeota ndoto ya kusikia maneno yale.

"Ni kweli," Zan alisema. "Tumekula. Mimi na mama yangu na wanangu. Tangu ilipokomaa."

"Ilikuwa tamu?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Tamu sana."

Vicheko vikapanda juu zaidi. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kuanguka. Alisema walikula kila siku, wakapiga makofi. Alisema walifunga mlango, wakalia machozi. Miaka na miaka tumesema uongo na watu wakacheka. Siku mmoja wetu aliposema kweli, walicheka zaidi. Ukitaka kuua kweli, ipe Kulibali aiseme.

Nfaly alimjia, akamkumbatia shingoni, uso wake umelowa. "Mtani, umetuua. Nakuapia, nikifa leo nimeridhika. Kula kunde! Zan mwenyewe!"

Zan akautoa mkono ule shingoni mwake. Akamsukuma. Nfaly akarudi nyuma, akajikwaa kwenye gunia, akaanguka chini.

"Sitanii!" Zan alipiga kelele, na sauti ilimpasuka. "Tulikuwa na njaa! Unacheka nini wewe? Nilikuja kwako saa ya chakula ukaniambia mmeshiba, na jungu la mkeo lilikuwa limepinduliwa juani! Midomo yako ilikuwa imepasuka! Hata wewe ulikuwa hujala, Nfaly, na watoto wako walikuwa hawajala, wote hapa walikuwa hawajala, mimi nilikula kwa sababu ya kunde hii, na sasa inaondoka, nanyi mnacheka!"

Hakuna aliyecheka tena. Kumkasirikia mtani ni kitu ambacho wengi pale walikuwa hawajawahi kukiona, na kumtajia mtu jungu tupu la mkewe mbele za watu ni kumvua nguo. Mke wa Nfaly alijifunika uso kwa shela, akaondoka. Nfaly alinyanyuka taratibu, akakung'uta kunde zilizomganda, akasimama. Alikuwa anatazama miguu yake.

Wassa alikuwa ameshakwenda na kurudi. Aliweka mbele ya Dokta gunia la maganda matupu aliyoyaanikia mbuzi, kisha la pili. "Mengine mbuzi walishakula," alisema.

Dokta alivaa miwani. Alichukua ganda moja, akahesabu vyumba vya punje, akachukua jingine. Alipima yale magunia. Alikaa chini, akakokotoa, akafuta, akakokotoa tena. Alipoinua uso hapakuwa na utani hata chembe.

"Makisio si uzito," alisema. "Siwezi kuyaweka pamoja na mizani, wenzangu watanicheka kuliko mlivyocheka nyie. Lakini nitayaeleza, na saba haiondoki. Nusu ya kilichobaki naondoka nayo. Nusu naiacha hapa iwe mbegu." Akamkabidhi Wassa kibuyu, si Zan. "Hii msiile. Na majaribio hatutaleta tena hapa. Masharti ni masharti."

"Tumekuelewa, Dokta," Wassa alisema.

"Mngeniambia mna njaa."

"Tungekuambiaje?" Zan aliuliza. "Ungecheka."

Dokta alipanda gari, na gari lilipoondoka watu walitawanyika kila mmoja na njia yake, kama wametoka kwenye kesi.

*

Mbegu ilibaki, lakini utani uliondoka. Kiangazi chote hakuna mtu aliyemwita Zan mla kunde.

Mwanzoni alifikiri ni haya za siku mbili tatu. Lakini watoto walimwamkia kwa heshima na kumpisha njia. Akina Jara walimuulizia afya ya mama yake. Kwenye msiba wa mzee mmoja wa Kulibali, akina Tarawele walikuja, wakakaa, wakatoa pole za maana, wakaondoka bila hata mmoja kulala mbele ya jeneza, kama watani wafanyavyo, na kudai kunde za kumruhusu maiti apite. Wazee wetu walilia siku ile, na si kwa ajili ya marehemu tu.

Nfaly ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu alikuwa mwema. Kila asubuhi alisimama mbele ya ua wa Zan, akavua kofia. "Kulibali, umeamkaje? Watu wa nyumbani wameamkaje? Mama hajambo? Alhamdulillahi." Kisha anaondoka. Zan alijaribu kila njia. Siku moja alikaa barabarani na bakuli la kunde alizonunua gulioni, akala kwa sauti, mchana, mlango hauna kazi tena. Nfaly akapita.

"Chakula chema, Kulibali," alisema. "Mungu akibariki."

Zan aliingia ndani, akalala kifudifudi.

"Si ulitaka wakuamini?" Wassa alimuuliza. "Wamekuamini."

"Bora wangenipiga mawe."

"Nenda ukamwombe radhi."

"Nimekwenda mara ngapi? Ananiambia yamekwisha. Ananipa kiti. Ananipa kiti, Wassa! Nfaly!"

Ngolo alirudi kutoka machimboni bila dhahabu lakini na gunia la mtama, na kwa gunia hilo, na kwa mbuzi waliouzwa, walivuka kiangazi. Kibuyu cha namba saba kilining'inia juu ya kitanda cha Wassa, kimechanganywa na majivu, mdomo umezibwa kwa nta. Kuna siku bibi Bajeneba alikitazama sana. Wassa alilala chini ya kibuyu kama askari.

*

Asubuhi baada ya mvua ya kwanza, ardhi ikiwa bado inanuka, Nfaly alikuja. Safari hii hakusimama nje. Aliingia uani, akavua kofia na viatu, na mkononi alikuwa na bakuli dogo la kibuyu alilolishika kwa mikono miwili. Zan alikuwa amekaa kwenye kigoda, kibuyu cha mbegu mapajani, akipepeta majivu.

"Kulibali, umeamkaje?"

"Salama, Tarawele."

"Watu wa nyumbani?"

"Wazima."

Nfaly alilisogeza bakuli mbele. "Nimekuja kuomba. Umeona mtama wangu mwaka jana, kiduha kiliumaliza. Mke wangu amesema... mimi nasema, kama inawezekana, konzi moja ya ile namba saba. Nikivuna nitarudisha mara mbili. Kama haiwezekani sitalaumu, nyumba yako ina watu."

Hayo yote aliyasema kwa adabu, kichwa chini, kama maskini mlangoni kwa tajiri. Zan alimtazama rafiki yake, akaona nywele nyeupe ambazo mwaka jana hazikuwepo. Alitamani kulitupa lile bakuli ukutani.

"Unaomba kama nani?" aliuliza.

"Kama jirani."

"Jirani simpi. Mbegu ni chache."

Nfaly akaitikia kwa kichwa polepole. "Nimeelewa. Nashukuru." Akageuka.

"Mtani je?" Zan alisema. "Mtani nitamnyimaje? Sijazaliwa na uwezo huo."

Nfaly alisimama pale pale, mgongo ukiwa bado umemgeukia. "Ulinivua nguo, Zan. Mbele ya mke wangu."

"Nilikuvua. Nisamehe. Nilikuwa nimeshavuliwa nguo mimi, nikaona baridi ya kuwa peke yangu."

Wassa alikuwa ametokea mlangoni na ungo mkononi. Bibi Bajeneba aliacha kukohoa ili asikie.

"Nitukane kwanza," Zan alisema. "Hupati hata punje moja bila kunitukana."

Nfaly aligeuka. Midomo ilimtetemeka, na mara ile Zan hakujua kama ni kicheko au kilio, wala Nfaly hakujua.

"Mla kunde," alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Sijasikia."

"Mla kunde!"

Zan alichota mbegu kwa kiganja, akazitia kwenye bakuli. Zilianguka kwa mlio mkavu.

"Mla kunde, mwana wa mla kunde!" Nfaly alisema, na sauti ilianza kurudi mahali pake. "Mtumwa wangu! Babu yako alimuuza farasi wa mfalme kwa sahani ya kunde, akarudi akaiuza na sahani! Siku mlipozaliwa mkunga alikimbia harufu! Watu wazima, mnafunga mlango mchana, mnafikiri upepo nao ni Kulibali, utawafichia siri!"

Majirani walikuwa wanatoka, mmoja mmoja, wakisimama kwenye uzio. Wassa alijifunika mdomo kwa ungo. Nfaly alikuwa analia waziwazi sasa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na matusi yakimtoka.

"Endelea," Zan alimwambia, huku akichota tena. "Bakuli halijajaa."